Mzee wa Jiwe Mbele ya Mlango

Nyamongo mwana wa Ogoti alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi Bonareri sina subira na wanaume wa aina hiyo. Ukimuuliza ameamkaje, anafikiri kwanza, utadhani umemuuliza siri ya serikali. Lakini tulifundisha pamoja miaka ile ya mwisho ya tisini, juu ya duka la Harish la mabati na misumari pale Kisii mjini, mimi taipureta na yeye kompyuta. Mtu mkitenganishwa na ukuta wa mbao tu, unamjua hata kama hasemi.

Chuo kilikuwa cha Urvish, mtoto wa Harish. Urvish alizaliwa Kisii, akasoma Kisii, na Ekegusii chake cha kubishana sokoni kilikuwa kikali kuliko changu mimi Mgusii. Alinunua kompyuta chache zilizochoka kutoka ofisi fulani ya Nairobi, akatundika kibao dirishani, kisha akaanza kutafuta mtu wa kufundisha. Nyamongo alikuja kurekebisha printa akabaki. Alikuwa amejifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na alifundisha vizuri ajabu. Kimya chake chote kilikuwa kinaishia mlangoni mwa darasa. Akishika chaki, maneno yanamtoka kama mtu mwingine.

Shida ilikuja pale waliotusimamia kutoka Nairobi walipotuandikia kwamba mwalimu wa programu lazima awe na diploma. Kama hana, atengeneze programu yake mwenyewe kwa ile njia mpya ya vitu, na mtahini aje aione kwa macho. Akifaulu, anapewa diploma na darasa lake linabaki lake. Akifeli, darasa linapewa kijana mwenye vyeti ambaye Nairobi walikuwa wamekwisha kumtaja, na Nyamongo anarudi Itumbe kuchuma majani chai kwenye shamba la mjomba wake. Hakuna aibu kuchuma chai, mimi mwenyewe nimelelewa na chai. Lakini kumtoa yule mtu kwenye lile darasa ilikuwa kama kumrudisha kwenye kimya chake moja kwa moja, na sote tulilijua hilo.

Wenzake wa vyuo vingine walitengeneza programu za mishahara na za maktaba. Nyamongo akachagua mchezo. Boma liko juu ya kilima, wavamizi wanapanda kutoka mtoni kwa mawimbi, wimbi baada ya wimbi, na anayecheza anapanga walinzi, anachimba mahandaki, anapanda ua wa miiba, anaokoa ng'ombe na watu.

"Mtu mzima unatengeneza mchezo?" nilimuuliza.

Akafikiri, kama kawaida yake. "Mishahara inahesabika tu. Hapa vitu vinakutana."

Sikuelewa hadi alipoleta mawe. Kompyuta zilikuwa za wanafunzi mchana kutwa, basi yeye alitengenezea mchezo wake juu ya meza yangu ya taipureta, kwa vinyago vya jiwe laini linalochimbwa kule Tabaka. Alivipata kwa binamu yake mchongaji, vile vilivyovunjika sikio au mguu ambavyo wanunuzi wa kupeleka ng'ambo wanavikataa. Kulikuwa na walinzi, wavamizi, ng'ombe, mbwa mwenye mkia nusu, mama wa kupiga nduru, na mzee mmoja mwenye kofia na bakora. Nyumba zilikuwa vijisanduku vya jiwe visivyo na vifuniko, ili uone nani yumo ndani.

Njia yenyewe alinifafanulia hivi. Zamani programu uliiandika kama barua, kutoka salamu mpaka wako mwaminifu, na mashine inafuata mstari kwa mstari. Kwa njia hii mpya huandiki barua. Unasema kwanza ulimwengu wako una aina gani za vitu, kila aina ina nini, na inaweza kufanya tendo gani. Kisha unavizaa vitu vyenyewe, unaviachia, vinakutana na kufanyiana kila kimoja kwa tabia yake. Na aina moja inaweza kurithi kutoka kwa nyingine. Aliandika aina moja iitwayo Mtu, mwenye uhai, mwendo, na tendo la kujificha kwenye nyumba iliyo karibu wakati wa hatari. Mlinzi akarithi kwa Mtu, akaongezewa mkuki. Mama akarithi kwa Mtu, akaongezewa nduru. Hata Mvamizi akarithi kwa Mtu.

"Mvamizi naye ni mtu?" wanafunzi walicheka.

"Kwa hii programu, ndiyo," alisema Nyamongo, na hakucheka.

Na hakuwapa wavamizi jina wala lugha, wala nguo ya kuwatambua. Mwaka wa tisini na mbili, ule wa mapigano, haukuwa mbali. Watu wa kule mpakani, tunakopakana na majirani zetu, walikuwa bado wanageuka wakisikia mbwa wakibweka mchana.

Kila aina ilikuwa na karatasi yake ukutani, imejaa matendo. Mbwa peke yake alikuwa na matendo tele, kunusa, kubweka, kuzunguka boma, kuuma kisigino. Nikaona karatasi moja imebaki karibu tupu. Juu imeandikwa Mwana, chini yake mstari mmoja tu, kwamba amerithi kwa Mlinzi na anakaa ndani ya nyumba yake, ile kubwa ya mawe, kushika mlango.

"Huyu kijana wako mvivu jamani," nilimtania. "Hata mbwa ana kazi kuliko yeye. Ana mkuki wa kupikia ugali?"

Kwa kawaida nikimtania hutabasamu upande. Siku hiyo alikusanya mawe yake akaenda zake, na mimi nikabaki nimekasirika, nikijiambia kwamba wanaume wengine hata utani ni dawa chungu kwao.

Mchezo ulipoingia kwenye kompyuta, chuo kizima kilishikwa na homa. Wanafunzi wangu wa taipureta walianza kukimbia zoezi ili wakapange walinzi. Wimbi la kwanza lilikuwa rahisi, la pili linatoa jasho. La tatu wavamizi wanakuja na moto na kuchoma nyumba za nyasi, ile ya Mzee ikiwamo, na ukitaka usitake inaungua. La nne hakuna aliyelipita. Na sheria ya mchezo ilikuwa moja, Mzee akiuawa mchezo umekwisha.

Walijaribu kila ujanja. Mmoja alizungushia kilima chote ua wa miiba. Mwingine alinunua mbwa watupu, boma likawa kama banda. Wapi. Wavamizi wanapenya, watu wote wanakimbilia nyumba ya mawe, na Mzee anakwenda nao mpaka mlangoni, anasimama. Mishale inamkuta pale. Kila mara pale pale. Na hao wanafunzi, watoto wa Nyamira, wa Magwagwa, wa Tabaka, walikuna vichwa wakisema, "Hii game ni ngumu, Mwalimu," wakaanza upya. Nyamongo naye alidhani ugumu ndio uzuri wake. Alipunguza wavamizi kidogo, akaongeza uhai wa Mzee kidogo, akangoja mtu mwenye akili alipite wimbi la nne.

Wiki ya mtihani, Urvish alipanda juu, akaketi akacheza mara ya kwanza. Alifika wimbi la nne, akashindwa, akarudia, akashindwa. Halafu akasogeza kiti nyuma.

"Mwalimu, hii kitu imekwama. Huyu mzee anasimama mlangoni bure. Mlango iko wazi! Mbona haingii?"

Darasa zima lilimgeukia kana kwamba amevua shati.

"Aingie wapi?" msichana mmoja akamuuliza.

"Si hapo ndani!"

"Hiyo ni nyumba ya kijana yake. Ameoa. Mke wake yumo."

"Sasa?"

"Sasa baba ataingiaje nyumba ya kijana yake, Urvish? Wewe umekaa Kisii hii yote na hujui *chinsoni*?"

Urvish alijua. Hakuna anayekulia hapa asijue zile heshima za kuoneana haya, kwamba baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, awe amealikwa au hajaalikwa. Lakini alijua kama mtu anavyojua sheria za nyumba ya jirani. "Kwetu," alisema, "baba yangu akitaka analala kitanda changu, na mimi nalala chini." Tukacheka. Yeye hakucheka. Alikwisha kufungua maandishi ya programu na kuyateremsha, na hapo kwenye aina ya Mzee akakuta kile sote tulichokuwa tunakitazama muhula mzima bila kukiona. Nyamongo alikuwa amempa Mzee tendo lake mwenyewe la kujificha, tofauti na la watu wengine wote: aende nyumba iliyo karibu, isipokuwa ya Mwana. Na nyumba yake mwenyewe imekwisha kuungua. Kwa hiyo haiwezekani kushinda. Si vigumu, haiwezekani.

Nyamongo aliyatazama yale maandishi yake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeyaandika. "Sikukumbuka hata kuandika," alisema. Nilimwamini. Ni kitu ambacho mkono wa Mgusii unaandika wenyewe.

"Basi futa," Urvish alisema. "Mstari mmoja. Aingie, aokoke, ufaulu, sote tulale."

"Siwezi kumwingiza."

"Ni picha, Mwalimu! Ni vidoadoa vya rangi!"

"Siwezi," alisema Nyamongo.

Wengine walidhani ni ukaidi. Mimi nilijua kitu kidogo zaidi, kwa sababu mkewe, Bosibori, tulisoma dawati moja. Na nilichokijua ni hiki.

Mwaka ule wa mapigano walikaa karibu na mpaka, Nyamongo na wazazi wake boma moja. Ilikuwa jioni ya mvua ya mawe, ile inayoharibu chai mpaka inabaki vijiti. Wavamizi walitokea upande wa mtoni, wakachoma nyumba ya Mzee Ogoti kwanza. Wote walikimbilia kwa Nyamongo, kwenye nyumba ya mawe, mama yake, Bosibori na mtoto mchanga, watoto wa jirani. Nyamongo alikuwa ndani ameshika mlango. Mzee Ogoti akaja mbio mpaka upenuni, akasimama.

"*Tata, soa!*" Nyamongo alimwita. Baba, ingia.

Mzee akatikisa kichwa. Akaugeuzia mlango mgongo, panga mkononi, mvua ya mawe ikimpiga. Bosibori aliniambia kwamba walisikia mshale ukimwingia, sauti ndogo kama kijiti kinachovunjwa. Vijana wa kilima cha pili wakafika kwa nduru, wavamizi wakarudi, na Mzee akapona. Lakini mkono wake wa kushoto haujapanda juu ya kifua tangu siku ile. Watu wote waliosimulia habari ile, na niliisikia kwa wengi, walisimulia ukaidi wa Mzee. Wengine walimsifu, wengine walimwita mjinga, eti kwenye hatari hata mwiko unalegea. Nyamongo na baba yake hawakuwahi kuizungumza. Walisalimiana, walisaidiana kazi, na kati yao kulikuwa na kitu kama meza iliyowekwa katikati ya njia, kila mmoja anaizunguka.

Sasa nitasema nilichofanya mimi. Nairobi walikuwa wamesema wazazi wa watahiniwa wote waalikwe siku ya mtihani. Nyamongo hakumwalika mtu. Mimi, kabla Urvish hajagundua chochote, nilikuwa nimetuma salamu Itumbe, alikohamia Mzee Ogoti baada ya mapigano, kwamba mwanawe ataonyesha kazi yake mbele ya watu na aje. Nilipomwambia Nyamongo, siku moja kabla ya mtihani, alikaa chini.

"Bonareri, umeniua."

"Nimekuuaje? Baba yako ana haki ya kukuonea fahari."

"Nikimwacha Mzee mlangoni, nafeli. Nikimwingiza ndani, namwingiza baba yangu akiwa ameketi hapo anatazama, mbele ya watu wote. Sasa niambie wewe mwenye maneno."

Urvish alikata shauri upande wake. Alinakili mchezo kwenye diski ya pili, akafuta ule mstari, akaijaribu, Mzee akaingia ndani, na mchezo akaushinda vizuri. Akamtilia Nyamongo diski zote mbili kwenye mfuko wa shati. "Moja yako, moja yangu," akasema. "Kesho utachagua."

Mtahini alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, mkavu, asiyepoteza neno. Alifika mchana na kusema mapema kwamba ana basi la kurudi, na kwamba haya mawingu hayapendi. Hata sisi hatukuyapenda. Mvua ikinyesha Kisii, stima hupotea na taa kuzimika kabla tone la tatu halijaanguka.

Mzee Ogoti aliketi mstari wa mbele kwa sababu nilimketisha hapo kwa nguvu. Alivaa koti lake la kanisani, la Sabato, na mkono wa kushoto ameuweka mapajani kama mzigo. Mbele yake kulikuwa na meza yenye mawe ya Tabaka, ambayo Nyamongo alitumia kuwaeleza watu kabla ya kuwasha mashine. Alieleza vizuri. Sauti yake ilikuwa na nguvu mpaka alipofika kwa Mzee wa kofia na bakora, hapo ikapungua.

"Hawa wavamizi ni akina nani?" mtahini akauliza kwa Kiingereza.

"Ni wavamizi tu, Madam."

"Wa wapi?"

"Hawana kwao. Wamerithi kwa Mtu, kama walinzi."

Akamtazama juu ya miwani, akaandika kitu.

Nyamongo akatia mkono mfukoni. Niliuona ule mkono ukisimama kati ya diski mbili. Akatoa yake. Urvish, aliyesimama karibu na dirisha, alifumba macho.

Mawe ya mvua yalianza kupiga bati wakati wa wimbi la pili. Kelele ilikuwa kubwa hata mtahini akasogeza kiti karibu. Wimbi la tatu, nyumba ya Mzee ikaungua. Wimbi la nne, watu wakakimbilia nyumba ya mawe, Mzee akafika mlangoni, akasimama. Nilimtupia jicho Mzee Ogoti. Alikuwa ameacha kutazama kioo cha kompyuta, anatazama mawe mezani. Mishale ikaja. Mchezo umekwisha.

"Rudia," alisema mtahini.

Akarudia. Alicheza kuliko nilivyowahi kumwona akicheza, hakuna mlinzi aliyekaa bure. Mzee akafia mlangoni.

Mtahini akapitia maandishi ya programu, akavua miwani. "Bwana Nyamongo, umeupanga vizuri, vitu vyako vinarithiana inavyopaswa. Lakini huu ni mchezo wa kulinda usiolindika. Mtu akicheza mwaka mzima hatashinda. Hilo si ugumu, ni kosa la programu. Una toleo lingine?"

Taa ilififia, ikarudi. Urvish aligeuka kutoka dirishani, akaunyooshea kidole mfuko wa Nyamongo, na midomo yake ikasema, Itoe! Nyamongo hakutikisika. Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka pia kulia, kwa sababu nilimwona amekwisha kuamua kulipoteza darasa.

Hapo Mzee Ogoti akasema. Alisema kwa Ekegusii, taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Huyu aliye ndani ya nyumba ni nani?"

Alikuwa anaonyesha kile kijisanduku cha jiwe.

"Ni mwana, Tata," Nyamongo akajibu.

"Ana mkuki?"

"Anao."

"Mbona hatoki nje?"

Mvua ilipiga bati. Muhula mzima tulikuwa tumebishana juu ya mzee kuingia, walimu na wanafunzi na mwenye chuo. Miaka mingi watu walikuwa wamesimulia juu ya mzee kutoingia. Sikumbuki mtu hata mmoja, nami nikiwamo na mdomo wangu huu, aliyewahi kuuliza hilo.

Mzee hakungoja jibu. Aliunyoosha mkono wake mzima, akamtoa Mwana wa jiwe ndani ya kijisanduku, akamsimamisha pale nje kando ya yule wa kofia, bega kwa bega. Kisha akaurudisha mkono mapajani.

Uso wa Nyamongo sitausahau. Ulikuwa uso wa mtu aliyefunguliwa mlango alioushika miaka yote.

"Madam," alisema, "naomba muda kidogo. Si mzee mwenye kosa."

Mtahini alitazama saa, akatazama dirisha, akamtazama Mzee Ogoti, ambaye hakuelewa neno lake hata moja la Kiingereza na alikuwa ameelewa kila kitu. "Kabla stima haijapotea," akasema.

Nyamongo aliketi. Aliifungua ile aina ya Mwana, ile tupu, ile niliyoicheka. Akaandika tendo moja, Toka: Mzee akisimama nje ya mlango, ondoka ndani, simama kando yake. Vidole vyake vilikuwa vinakosea na kurudi. Akaiambia mashine isome upya maandishi yote, ikakataa, amesahau alama moja mwishoni mwa mstari. Urvish akarukia kioo, "Hapo, hapo chini!" Taa ikafifia tena, ikarudi. Mashine ikasoma, ikakubali.

Ikabidi acheze tangu mwanzo. Wimbi la kwanza, la pili. La tatu, moto. Msichana mmoja nyuma yangu alikuwa anasali kwa sauti. La nne, watu ndani, Mzee mlangoni akageuza mgongo. Mlango ukafunguka, na kile kidoa cha rangi ambacho hakijawahi kutoka kikatoka, kikasimama kando yake. Mshale ukampata Mzee, uhai wake ukashuka nusu. Mwingine ukampata Mwana. Hawakuanguka. Mkuki na bakora vikashikilia pale ambapo bakora peke yake haikuweza, na wavamizi wakaanza kuteremka mtoni. Kwenye kioo yakatokea maneno ambayo Nyamongo aliyaandika siku ya kwanza na sote hatukuwahi kuyaona: Boma limesalimika.

Tulipiga kelele kuishinda mvua. Harish akapanda ngazi mbio akidhani paa limebomoka. Na stima, kama iliyokuwa ikisubiri kwa adabu, ikapotea.

Kwenye mwanga wa dirisha mtahini aliandika haraka, akasimama, akavaa koti. "Kosa ulilitafuta kwenye aina isiyo yake," alimwambia Nyamongo. "Mwana ulimnyima tendo. Diploma utaletewa." Akashuka kwenda kuliwahi basi lake, mwavuli wa Urvish mkononi, na mpaka leo hajaurudisha.

Watu waliposhuka kunywa chai mimi nilibaki kukusanya mawe. Nakiri nilijichelewesha. Nyamongo alichuchumaa mbele ya kiti cha baba yake.

"Tata, mlango niliushika mimi," alisema. "Niliusikia mshale. Niliogopa."

Mzee Ogoti alifikiri kwanza, na hapo nikajua mwanawe alikoirithi ile tabia.

"Hata mimi niliogopa," alisema. "Nilikuwa peke yangu, mwanangu. Hicho tu ndicho kilichoniuma."

Nyamongo alilaza kichwa kwenye magoti ya yule mzee, mtu mzima mwenye watoto, na Mzee akauweka mkono wake mzima juu ya kile kichwa akauacha hapo. Mimi nikaangusha ng'ombe wa jiwe, akavunjika pembe iliyobaki.

Alifundisha lile darasa miaka mingi. Mzee Ogoti akawa anakuja kwa mwanawe kila mwezi, na bila shaka haingii ndani, hata leo ukimwambia aingie atakuuliza kama una homa. Anasimama upenuni anapiga hodi. Nyamongo anatoka na viti viwili, wanaketi nje, wanazungumza au wananyamaza, maana wote ni wale wale. Mvua ikija hawaondoki. Bosibori hunilalamikia kila tukikutana sokoni, kwamba mume wake mwalimu mzima analowa nje kama mbuzi aliyesahauliwa, na ni yeye anayeanika hizo nguo.